Gharama ya Sadaka: Wabudha wa Upanga na Njaa za Uzigua

Mwaka 1911, mjini Galle, kusini mwa kisiwa cha Sri Lanka, mhandisi wa serikali ya kikoloni aligundua kwamba jiwe lililofunika mtaro wa maji lilikuwa na maandishi. Lilikuwa limelazwa kifudifudi, magari ya ng'ombe yakilipita juu. Lilipogeuzwa zikaonekana lugha tatu: Kichina, Kitamil na Kiajemi. Lilichongwa China mwaka 1409, na waliolileta ni mabaharia wa Zheng He, amiri aliyezaliwa katika ukoo wa Waislamu na kutumikia watawala wa Ming. Sehemu ya Kichina inamsifu Budha na kuorodhesha sadaka aliyopelekewa: vipande 1,000 vya dhahabu, vipande 5,000 vya fedha, hariri, mafuta ya manukato. Sehemu ya Kitamil inatoa karibu kiasi hicho hicho kwa mungu wa Wahindu. Ile ya Kiajemi inatoa kwa Mwenyezi Mungu wa Waislamu. Kila mwenye dini alipata fungu lake, wala hakuna aliyepunjwa.

Miaka miwili baada ya jiwe kuchongwa, msafara huo huo ulipigana na mtawala wa kisiwani, ukamteka na kumpeleka China. Msafara wa baadaye ulivuka bahari hadi pwani yetu na kuitembelea Malindi, mji ambao mwaka 1415 ulikuwa umempelekea mfalme wa China twiga. Zawadi zilikwenda na zilirudi, na askari walikuwa ndani ya merikebu wakati wote.

Nimeanzia Galle kwa sababu ndiko inakoanzia, kwa maana fulani, hadithi ya hekalu la Wabudha la Upanga, Dar es Salaam. Na msomaji wa Handeni au Korogwe asiipishe hadithi hii akidhani ni ya watu wa mbali. Swali linaloliandama jiwe lile, yaani nani anatoa, nani anapokea na nani anabeba gharama, limeulizwa katika nyika ya Uzigua kwa ukali kuliko lilivyowahi kuulizwa hekaluni.

Habari za Budha zilitangulia mahekalu kufika Afrika Mashariki. Maisha yake, ya mwana wa mfalme aliyefichwa asione ugonjwa, uzee na kifo, kisha akaviona na kuiacha ikulu, yalisimuliwa na kusimuliwa tena hadi yakaingia katika Kiarabu kama kisa cha Bilawhar na Yudasaf. Wakristo wakakichukua, wakamfanya mwana wa mfalme huyo mtakatifu wao. Mwaka 1553 Enbaqom, mtawa wa Ethiopia aliyetoka Yemen, alikitafsiri kutoka Kiarabu kwenda Kige'ez. Kwa hiyo makasisi wa Ethiopia walikuwa wakisoma maisha ya Budha, bila kujua ni yake, karibu miaka 400 kabla Dar es Salaam haijapata hekalu.

Wanaopita nje ya hekalu hudhani Ubudha ni kukaa kimya, miguu imekunjwa na macho yamefumbwa. Taamuli ipo na ina uzito wake, ila katika mpangilio wa zamani wa mafundisho haiji mwanzo. Budha alipozungumza na watu wa kawaida, wakulima, wachuuzi, wenye familia, alianza na kutoa, dana kwa lugha ya vitabu vyao. Baada ya hapo ndipo akaja kwenye mwenendo mwema, na kutuliza moyo kukafuata. Sababu yake inaeleweka hata na asiyewahi kukanyaga hekalu: aliyekunja ngumi akikaa kutafakari, atakachokitafakari ni ngumi yake.

Mafundisho hayo yanaingia katika undani usiotarajiwa. Katika moja ya hotuba za kale za Kipali, zawadi ya mtu mwema inatajwa kuwa na sifa tano: hutolewa kwa imani, kwa heshima, kwa wakati wake, kwa moyo mkunjufu, na bila kumwumiza mtoaji wala mtu mwingine. Sifa nne za kwanza wengi wetu tungezitaja bila kufundishwa. Ya tano ndiyo ngumu, na hata Wabudha wenyewe imewasumbua.

Iliwasumbua kupitia kisa cha Vessantara. Huyu ni mwana wa mfalme ambaye, kwa imani yao, ndiye aliyekuja kuzaliwa tena akawa Budha. Nchi yake ilikuwa na tembo mweupe aliyeleta mvua popote alipokwenda. Nchi jirani ya Kalinga ilipokumbwa na ukame na njaa, wajumbe walikuja kumwomba tembo yule, naye akawapa. Watu wake wakapandwa na hasira, maana alichogawa kilikuwa mvua yao. Wakamfukuza. Huko msituni alikokimbilia akatokea mzee mmoja akamwomba watoto wake wawili wawe watumishi, na Vessantara akawatoa. Baadaye babu yao aliwakomboa kwa mali na yote yakaisha vyema, lakini wasomaji hawakuridhika. Katika kitabu cha maswali ya Mfalme Milinda, mfalme anamuuliza mtawa Nagasena waziwazi: ni utoaji gani huu unaowaliza watoto? Mtawa anamtetea Vessantara kwa hoja ndefu. Nimezisoma na sijashawishika, na nashuku hata mfalme aliondoka na donge lake.

Sasa tuje Handeni.

Uzigua ni nchi ya mvua za kubahatisha. Kusini ya mto Pangani ardhi inashuka kutoka Usambara na kuwa nyika ya miombo na vichaka, ambako mwaka mmoja mahindi yanazidi ghala na mwaka wa pili watu wanachimba mizizi. Katika miaka ya 1830 njaa iliingia na haikutoka upesi. Watu waliweka watoto rehani kwa wenye chakula. Wengine walishuka wenyewe hadi miji ya pwani, wakapanda majahazi kwa ahadi ya kazi na chakula, na kwamba mvua ikinyesha watarudishwa. Majahazi yakaelekea kaskazini, nao wakauzwa katika miji ya pwani ya Somalia. Baadhi walitoroka kutoka mashamba walikotumikishwa na kukimbilia misitu ya bonde la Juba, wakiongozwa, kwa masimulizi ya wajukuu wao, na mwanamke mwenye maono aliyeitwa Wanankhucha. Walikusudia kurudi nyumbani kwa miguu. Hawakufika. Walikaa Juba karibu karne moja na nusu, na Kizigua hawakukiacha.

Weka kisa hicho kando ya Vessantara. Mzazi wa Uzigua hakumtoa mwanawe ili apate thawabu. Alimtoa kwa debe la nafaka, na aliyepokea alijiona msamaria kwa kuwa bila yeye mtoto angekufa. Mwanahistoria James Giblin, aliyeichunguza nchi hii kwa kirefu, anaonyesha jinsi wakubwa wa Uzigua wa karne ya 19 walivyojenga uwezo wao juu ya ghala. Mwenye nafaka na ng'ombe alilisha watu wakati wa dhiki, nao wakawa watu wake, wakimlimia na kumpigania. Kwenye nchi ya njaa huo ulikuwa mfumo wa akiba. Vichaka vilifyekwa, mbung'o wakasukumwa mbali, mifugo ikaishi. Lakini shukrani ilikuwa mnyororo pia. Aliyekula kwa mtu mara moja alikula kwake daima.

Ng'ambo ya mto, juu Vuga, makao ya wafalme wa Usambara, mambo yalipambwa zaidi. Wasambaa waliuona utawala wa Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, kuwa ndio mvua yenyewe: mfalme mwenye nguvu huinyeshea nchi, wafalme wanaogombana huikausha. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipanda kwenda kumwona mwaka 1857, wakamkuta mzee na mgonjwa. Ushuru uliopanda Vuga ulitarajiwa kushuka tena kama chakula siku ya shida. Tembo mweupe wa Vessantara, Wasambaa wangemwelewa mara moja, na wangemfukuza mtoaji wake haraka zaidi.

Wajerumani waliuvunja mfumo huu bila kuwa na mwingine. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, nafaka ikauzwa ili kodi ilipwe, na njaa ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1890 maghala ya wakubwa yalikuwa matupu au wakubwa wenyewe hawakuwepo tena. Miaka hiyo hiyo upande wa Korogwe ulikuwa ukigeuzwa shamba. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 na ikafika Korogwe mwaka 1902. Mwaka huo wa 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani, na uzao wake ukaja kufunika bonde zima, Hale, Magoma, Mombo na kwingineko.

Shamba lilihitaji mikono, na wenyeji walikuwa na mashamba yao ya kulima. Makampuni ya Kijerumani yalikuwa yameagiza vibarua kutoka Singapore, Wachina na Wajava, mamia yao, kwa ajili ya mashamba ya Usambara mwanzoni mwa miaka ya 1890. Jaribio liligharimu sana na halikudumu. Hata hivyo inafaa kulikumbuka, maana Waasia wa Mashariki wa kwanza kukaa katika milima hii hawakuja na jiwe la sadaka lenye lugha tatu. Walikuja na mkataba wa kibarua, kama manamba wa Kigoma, Songea na Burundi waliokuja baadaye kwenye mkonge.

Vita vya kwanza vya dunia vilipita hapa pia. Juni 1916 majeshi ya Uingereza, yakiwa na askari wa Kihindi na wa Afrika Kusini, yaliteremka kando ya reli, yakaichukua Korogwe na kisha Handeni. Nyuma yao na nyuma ya Wajerumani walitembea wapagazi. Vyakula vilichukuliwa ghalani na pande zote mbili. Huo nao uliitwa mchango.

Katika vumbi la vita hivyo hekalu la Upanga likazaliwa. Miongoni mwa watu waliokuwa Dar es Salaam wakati Mwingereza anachukua nchi walikuwamo Wasinhala kutoka Ceylon, kama Sri Lanka ilivyoitwa, wafanyakazi na mafundi, jamii ndogo mno kando ya Wagujarati na Wakachi. Walijiunga katika chama chao cha Kibudha, wakapewa kiwanja na serikali, na mwaka 1920 hutajwa kuwa mwaka wa kuanzishwa kwa hekalu. Wakapanda mti wa Bodhi, wa jamii ile ile ya mti ambao Budha alikaa chini yake siku aliyoupata mwanga, na chipukizi lenyewe linahesabiwa ukoo wake hadi mti mtakatifu wa Anuradhapura. Mti bado upo. Hekalu mara nyingi hutajwa kuwa la kwanza la Kibudha barani Afrika. Mimi linanivutia kwa jambo dogo zaidi: watu wa mshahara mdogo, ugenini, jambo la kwanza walilochangishana lilikuwa mahali pa kutolea.

Mtawa wa Theravada, tawi la Ubudha linalofuatwa Sri Lanka, hapaswi kulima wala kujipikia. Hawezi kuweka akiba ya chakula cha kesho. Hali baada ya adhuhuri. Hata chakula kilicho mbele yake hakili mpaka mtu amkabidhi mkononi. Nchini Sri Lanka hupita asubuhi na bakuli lake, au waumini humpelekea. Ugenini huwa ni zamu za familia. Maana yake ni kwamba hekalu lisilopendwa na majirani zake linakufa njaa ndani ya siku mbili. Yule mkubwa wa Uzigua alishika ghala ili watu wamtegemee. Mtawa amenyang'anywa ghala kwa makusudi, ili yeye ndiye awategemee watu.

Mkulima wa Korogwe, mtu wa msaragambo ambaye barabara ya kijiji na darasa la shule vimejengwa kwa jasho la wote, akielezwa hivyo ana haki ya kuuliza: mtu mzima mwenye afya hashiki jembe kwa nini? Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967 iliuliza kwa sauti kubwa zaidi. Tulikuwa tukiambiana kuwa mgeni ni siku mbili na ya tatu apewe jembe, na asiyefanya kazi aliitwa kupe. Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuhamishwa kwa operesheni, mwaka 1968, ambapo kaya zilizotawanyika zilikusanywa katika vijiji vya ujamaa. Ahadi ilikuwa maji, shule na zahanati, na ukame uliokuwa umetangulia uliwafanya wengi wasogee kwa hiari ili wawe karibu na chakula cha msaada. Mwaka 1971 sheria ilichukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Waasia wengi wa mitaa kama Upanga wakafunga mizigo. Hekalu lilibaki. Halikuwa na mpangaji.

Kuhusu jembe, jibu la Wabudha ni kwamba mafundisho ndiyo malipo, na kwa desturi ya Theravada hayauzwi. Anayekuja kujifunza kutafakari hadaiwi ada. Utaratibu huo huo unafuatwa nje ya mahekalu katika kozi za S. N. Goenka, mzaliwa wa Burma aliyefariki mwaka 2013. Mtu hukaa siku kumi bila kuzungumza, analala na kula bure, na gharama yake imekwisha kulipwa na waliomtangulia. Akimaliza, akiona alifaidika, atamlipia mwingine asiyemjua. Hamshukuru mtu, kwa kuwa hamjui wa kumshukuru, na mnyororo wa Uzigua unakosa pa kufungwa.

Kwa miaka mingi sasa Upanga imeongozwa na Ilukpitiye Pannasekara Thero, mtawa kutoka Sri Lanka. Waumini wake wengi ni wageni au watoto wa wageni, na sidhani ni jambo la kuonea haya. Ubudha hapa haukuja na kampeni. Uganda imechukua njia nyingine. Steven Kaboggoza alikwenda India kusoma mwaka 1990 na huko akakutana na watawa. Mwaka 2002 akapewa utawa Marekani kwa jina la Buddharakkhita, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Wabudha karibu na Entebbe. Amesimulia mara nyingi jinsi wapita njia walivyolishangaa bakuli lake, wapo waliodhani ni ngoma. Mama yake mzazi naye akawa mtawa. Katika nchi ambayo hakuna aliyezoea kumlisha mtawa, ilimbidi awafundishe majirani kumpa chakula kabla hajawafundisha kitu kingine chochote. Na nadhani hapo ndipo mpangilio wa Budha ulipopata maana kamili, kutoa kwanza.

Wabudha wa Taiwan ni habari nyingine kabisa. Shirika la Tzu Chi lilianza mwaka 1966, pale mtawa wa kike, Cheng Yen, alipowaomba akina mama 30 waweke senti chache kila siku katika vibubu vya mianzi kabla ya kwenda sokoni. Alisisitiza kila siku, ili mkono uzoee. Leo ni shirika kubwa la kimataifa, na kimbunga Idai kilipoipiga Beira mwaka 2019 lilikuwa miongoni mwa waliogawa chakula na baadaye kujenga nyumba na shule Msumbiji. Ukubwa huo una faida zake, lakini kile kibubu cha mianzi kinanishawishi zaidi ya makontena.

Wale Wazigua wa Juba walirudi. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991 maelfu walikimbilia Kenya, na baadhi wakashuka kwa vyombo vya baharini hadi Tanga. Serikali iliwapeleka Mkuyu, wilayani Handeni, katika nchi ambayo babu zao waliondoka kwa njaa. Waliongea na wenyeji Kizigua, na wenyeji wakawaelewa. Mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, humo humo Handeni, wakapewa ardhi ya kulima, na katika miaka iliyofuata wengi wakapata uraia. Ndugu zao waliobaki kambi za Kenya, zaidi ya 10,000 pamoja na Wabantu wengine wa Somalia, walichukuliwa na Marekani. Ukiipima Chogo kwa zile sifa tano, inapita karibu zote. Ilichelewa, lakini ardhi ilitolewa kwa heshima na haikumfanya mpokeaji kuwa mtu wa mtu. Hati ya uraia haimdai mtu kumlimia mkubwa.

Msomera ni ngumu zaidi. Kuanzia Juni 2022 familia za Wamasai kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa kijiji hicho cha Handeni. Serikali imejenga nyumba za vyumba vitatu, imetoa ekari za kulima, maji, shule na malisho, na viongozi wamelieleza zoezi hilo kuwa la hiari. Wapo waliohama na kusema wameneemeka. Wapo pia Wamasai wa Ngorongoro na watetezi wao wanaosema huduma kule kwao zilipunguzwa mpaka hiari ikakosa maana, na wapo waliokuwa wakiishi na kuchunga Msomera kabla nyumba za kwanza hazijaezekwa, wanaouliza viwanja hivyo vilikatwa kutoka kwenye ardhi ya nani. Nyumba ni imara na wakati wake ni sahihi kwa anayeihitaji. Sifa ya tano ndiyo iliyobaki mezani, na wa kuijibu ni wale wenyeji wa zamani wa Msomera, ambao hawakutajwa katika orodha ya watoaji wala ya wapokeaji.